Ruhusa na mamlaka

Anayesema "ruhusa ya ruti" anachanganya mambo mawili. Ruhusa, neno tulilolipata kwa Kiarabu, hutolewa na mwenye nacho, naye aweza kuiondoa. Ruti, yule mtumiaji namba 0 wa Linux, haombi ruhusa ya kuandika faili, ana mamlaka.

Tofauti hii ina uzito. Unachomeka bodi ya Arduino, programu inakataliwa kuifungua, nawe unakimbilia amri ya sudo na kuiendesha programu nzima kwa mamlaka ya ruti. Hapo kosa lolote lililomo ndani yake laweza kuuharibu mfumo mzima. Mamlaka yanahitajika kwa kitambo tu: kunakili faili ya kanuni kwenye /etc/udev/rules.d na kuiamuru udev, programu inayosimamia vifaa kwenye Linux, izisome upya kanuni zake. Baada ya hapo ni kanuni inayotoa ruhusa, kwa kutaja kikundi cha watumiaji na namba kama 0660, inayomruhusu mwenye kifaa na kikundi hicho tu kukisoma na kukiandikia. Namba 0666 huwafungulia kifaa wote waliomo kwenye mashine, na sioni sababu ya kuitumia.

Ili kanuni ianze kutumika, kifaa kilichokwisha kuchomekwa kichomoe, ukichomeke tena; mtumiaji aliyeongezwa kwenye kikundi naye atoke, aingie upya.