Chakula cha Jana

Daktari alimwambia dada asile kitu kuanzia saa mbili usiku, na hakula. Kesho yake saa tatu asubuhi, jijini Mwanza, kamera iliposhuka tumboni mwake tukaona kwenye skrini mboga ya jana yake mchana, majani yakiwa bado majani. Daktari akaisogeza kamera hadi kwenye mlango wa kutokea chakula. Ulikuwa wazi. Hakukuwa na uvimbe wala kidonda. Chakula kilikuwa kimekaa tu.

Miezi saba kabla ya hapo dada alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito nje ya nchi. Alikwenda akiwa na kilo 128. Aliporudi nyumbani Bariadi kupumzika ndipo tulipoanza kumwona akishiba kwa vijiko vitatu, akitoa mbweu zenye harufu ya kiporo, akitapika usiku alichokula asubuhi. Mama alisema ni vidonda vya tumbo. Majirani walikuwa na yao. Watu waliozika ndugu zao miaka ya 1990 hawamtazami hivihivi mtu aliyekonda ghafla, na kuna aliyenivuta pembeni, kwa upole kabisa, akaniuliza kama dada “amekanyaga waya”.

Mimi nilisoma historia chuoni, na nikichanganyikiwa huwa nakimbilia tarehe. Nikagundua kuwa mama alikosea jina la ugonjwa, lakini hakuwa mbali sana.

Upasuaji wa kupunguza uzito ulizaliwa na upasuaji wa vidonda vya tumbo. Mwaka 1881 mjini Vienna, Theodor Billroth alimkata mwanamke sehemu ya tumbo yenye saratani, akaunganisha iliyobaki na utumbo, na mgonjwa akaishi miezi michache zaidi. Waliomfuata wakatumia njia hiyo kwa vidonda. Wagonjwa wao walipona, lakini wengi walikonda na hawakunenepa tena. Hilo lilihesabiwa kuwa hasara, mpaka Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alipoiona hasara hiyo kuwa dawa. Mwaka 1966 alianza kuwafanyia watu wanene kwa makusudi: alitenga kipande kidogo cha juu cha tumbo, akakiunganisha na utumbo.

Kuna hasara nyingine iliyotokea kwenye vidonda, na hii hakuna aliyeitaka. Mwaka 1943 huko Chicago, Lester Dragstedt alianza kutibu vidonda kwa kukata neva za vagasi, zinazoshuka kutoka kwenye ubongo zikiambatana na umio. Asidi ilipungua, vidonda vikafunga. Kisha baadhi ya wagonjwa wakarudi wakilalamika kujaa, mbweu chafu, kutapika chakula cha zamani. Kumbe neva ileile inayoamuru asidi ndiyo inayoliamuru tumbo lisage na kusukuma. Ikabidi madaktari waongeze upasuaji wa kupanua mlango wa chini au kufungua njia mpya. Niliposoma malalamiko yale nilikuwa kama namsikia dada chumba cha pili.

Anayekatwa tumbo ili apungue hakusudiwi kukatwa neva, lakini neva hizo zinapita palepale kisu kinapofanya kazi. Wengi hawapati tatizo hili. Kwao chakula hata hupita haraka kuliko zamani. Dada aliangukia kwa wachache.

Huku Kanda ya Ziwa tumbo lisilotoa chakula ni jambo la kawaida zaidi kuliko nilivyodhani, ila kwa sababu nyingine: limezibwa. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando walichapisha taarifa za wagonjwa 184 wa namna hiyo. Saratani ilizidi vidonda, na wengi walikuwa wamechelewa kufika. Kwa hiyo kuambiwa njia iko wazi ilikuwa bahati. Dada hakuiona hivyo. Alitaka kitu cha kukatwa akaondoke nacho, badala yake akaambiwa asubiri. Alipewa dawa ya kulisukuma tumbo, na onyo la kutoitumia kwa muda mrefu kwa sababu inaweza kuharibu mwendo wa misuli ya uso.

Vita halisi ilikuwa jikoni. Mtaalamu wa lishe alitoa ushauri uliopingana na kila bango la afya: nyuzinyuzi zipunguzwe, maganda yasiliwe, mafuta yawe kidogo, milo sita midogo, chakula kisagwe, na baada ya kula asilale. Kimiminika hakihitaji kusagwa na tumbo, kwa hiyo hupita hata pale linapogoma. Kwa mama, uji ni wa mtoto na wa mgonjwa asiyeinuka. Binti yake amerudi baada ya miaka mingi, halafu ampe uji mwembamba huku wageni wanakula ugali wa mtama na nsansa? Walizozana kila mchana. Nikawasimulia habari za William Beaumont, daktari wa jeshi la Marekani, ambaye mgonjwa wake Alexis St. Martin alipigwa risasi mwaka 1822 akabaki na tundu tumboni. Beaumont alikuwa akining'iniza vipande vya nyama na mkate kwa uzi wa hariri, akivitoa kuona vimefikia wapi. Mwaka 1833 aliandika, pamoja na mengine, kwamba hasira huvuruga kazi ya tumbo.

“Kwa hiyo mimi ndiye ninayemziba mwanangu?” mama akauliza.

Sikuwa na jibu zuri. Lakini kesho yake aliloweka matobolwa, akayachemsha mpaka yakalegea, akayachuja nyuzi na kuyaponda kwa maziwa. Dada alikula vijiko vinne. Wakatoka wawili hao, wakatembea mpaka stendi na kurudi, na mama hakumruhusu alale mpaka saa nne.