Mafunzo ya uongozi katika afya ya mama na mtoto (Marekani)

Mafunzo ya uongozi katika afya ya mama na mtoto ni programu za shahada ya uzamili na uzamivu zinazoandaa wataalamu wa kusimamia afya ya wajawazito, watoto na vijana katika ngazi ya jamii nzima. Nchini Marekani hutolewa na shule za afya ya umma za vyuo vikuu kwa ruzuku ya serikali kuu, chini ya Sehemu ya Tano ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935. Kazi ya mhitimu si kuzalisha wala kutibu. Anatarajiwa kujua watoto wa jimbo lake wanafia wapi na kwa sababu gani, kupanga matumizi ya fedha, kuzungumza na watunga sheria, na kuwakutanisha madaktari, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na familia.

Historia

Mwezi Aprili 1912 Rais William Howard Taft alitia saini sheria iliyounda Ofisi ya Watoto, na Julia Lathrop akateuliwa kuiongoza. Wakati huo majimbo mengi hayakuandikisha vizazi ipasavyo, hivyo idadi ya watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja haikujulikana kwa uhakika. Mwaka 1913 Lathrop alianzisha uchunguzi Johnstown, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Pennsylvania. Wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba wakiulizia watoto waliozaliwa mwaka 1911: walinyonyeshwa vipi, maji ya nyumbani yalitoka wapi, baba alipata mshahara kiasi gani. Ilibainika kwamba kadiri kipato cha baba kilivyokuwa kidogo, ndivyo vifo vya watoto vilivyokuwa vingi. Tangu hapo fani hii imehesabu mshahara, nyumba na maji kuwa mambo ya afya.

Sheria ya Sheppard-Towner ya mwaka 1921 iliyapa majimbo fedha za kliniki na za wauguzi wa kutembelea majumbani. Chama cha madaktari cha Marekani kiliipinga, na ikakoma mwaka 1929. Ulipofika mdororo mkuu wa uchumi, Grace Abbott, Katharine Lenroot na daktari wa watoto Martha May Eliot walishiriki kuandaa vipengele vilivyokuja kuwa Sehemu ya Tano. Eliot aliongoza Ofisi ya Watoto kuanzia 1951 hadi 1956, kisha akaenda Harvard kuongoza idara ya afya ya mama na mtoto. Njia yake kutoka serikalini hadi darasani yaonyesha jinsi mafunzo haya yalivyofungamana na utumishi wa umma tangu mapema.

Mwaka 1981 fedha za Sehemu ya Tano ziligeuzwa kuwa ruzuku ya jumla kwa majimbo. Hata hivyo, sehemu yake ilibakizwa mikononi mwa serikali kuu kwa miradi yenye manufaa ya kitaifa, na humo ndimo mafunzo yalimohifadhiwa.

Muundo

Vyuo hushindania ruzuku, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 5. Miongoni mwa vilivyowahi kuipata ni Johns Hopkins, Harvard, Tulane, na vyuo vikuu vya Minnesota, North Carolina (Chapel Hill), Alabama (Birmingham) na Illinois (Chicago). Programu dada huandaa wataalamu wa ulemavu wa ukuaji na wa afya ya vijana. Mwanafunzi huhesabiwa kuwa wa muda mrefu akifikisha saa 300 au zaidi za mafunzo.

Mtaala hufuata stadi 12 zilizogawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza humhusu kiongozi mwenyewe: ujuzi wa fani, kujitathmini, maadili na fikra tunduizi. La pili ni la kufanya kazi na watu, yakiwemo mawasiliano, usuluhishi, ulezi wa wanagenzi na ushirikiano na familia. La tatu huhusu jamii, mifumo na sera. Baadhi ya programu huwaweka wazazi wa watoto wenye ulemavu katika nafasi ya wakufunzi.

Mafunzo kwa vitendo

Mara nyingi wanafunzi hupelekwa katika idara za afya za majimbo, ambazo kisheria hufanya tathmini ya mahitaji kila baada ya miaka 5. Mojawapo ya zana wanazojifunza ni mgawanyo wa vifo kwa uzito na wakati. Vifo vya waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1,500 huwekwa katika kisanduku cha afya ya mama na uzazi wa watoto njiti. Waliobaki hugawanywa katika visanduku vitatu: waliofia tumboni, waliofariki ndani ya siku 28 za kwanza, na waliofariki baada ya hapo. Kisanduku cha kwanza kikijaa kupita kiasi, kununua mashine zaidi za wodi ya watoto hakutoshi. Yafaa kuangalia afya ya wanawake kabla hawajashika mimba. Cha mwisho kikijaa, huchunguzwa namna watoto wanavyolazwa usingizini, maambukizi na ajali za nyumbani.

Tathmini na changamoto

Mfadhili hudai vyuo viwafuatilie wahitimu kwa miaka kadhaa ili ijulikane wangapi wameshika uongozi katika fani. Kipimo hicho huonyesha vyeo na kazi zao, lakini hakithibitishi kwamba vifo vimepungua, kwa kuwa bima ya afya, makazi na sera za kazi haviko chini ya idara za afya peke yake. Mwaka 2021 vifo vya uzazi nchini Marekani vilifikia 32.9 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa wanawake Weusi vilikuwa 69.9, na kwa wanawake Weupe 26.6. Pengo hilo limezisukuma programu nyingi kufundisha athari za ubaguzi wa rangi. Zimepokea pia nadharia ya afya katika mkondo wa maisha, ambayo Michael Lu na Neal Halfon waliitumia mwaka 2003 kueleza tofauti za matokeo ya uzazi. Kwa mujibu wake, huduma ya miezi tisa ya ujauzito haiwezi peke yake kufuta madhara yaliyolimbikizana mwilini mwa mama tangu utotoni.