Lenzi Ndani ya Jicho: Ilitoka Wapi, na Nyanya Awekewe Ipi?

Leo nazungumza nawe mama unayemtunza nyanya au babu mwenye mtoto wa jicho. Umeambiwa anaweza kupasuliwa aone, lakini yeye hataki. Anasema, "Jirani yangu alipasuliwa, akapewa miwani minene kama vitako vya chupa, na bado alikuwa akijikwaa." Usimkaripie. Anasema kweli, ila ni kweli ya zamani.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Mtoto wa jicho ni lenzi hiyo ikiwa imeingia ukungu. Zamani sana waganga waliisukuma kando kwa sindano, na wengi waliofanyiwa hivyo walipofuka kabisa. Mwaka 1747 Jacques Daviel, daktari wa Ufaransa, alianza kuitoa kwa upasuaji. Hata hivyo, jicho lilibaki bila lenzi. Ndiyo maana ya ile miwani minene: vitu vilionekana vikubwa kuliko vilivyo, chai ikamwagwa nje ya kikombe, na miwani ikivunjika mzee alirudia giza lake.

Mabadiliko yalitokana na vita. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Harold Ridley, daktari wa macho Mwingereza, aliona marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege. Alishangaa kuwa jicho lilivivumilia vipande hivyo. Basi akatengenezewa lenzi ya plastiki ya aina hiyo, na tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akaiweka ndani ya jicho la mgonjwa. Madaktari wenzake wengi walimpinga, na kweli lenzi za kwanza zilileta shida. Zilirekebishwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Baadaye Ridley mwenyewe, akiwa mzee, aliwekewa lenzi kama hizo.

Likabaki suala la bei. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianzishwa Madurai, India, kutengeneza lenzi za bei nafuu. Katika miaka hiyo ya 1990, wakfu wa daktari Fred Hollows nao ulisaidia kuanzisha kiwanda Asmara, Eritrea. Hivyo lenzi ikaweza kumfikia mtu wa kawaida.

Sasa, mama, utaulizwa mnataka lenzi gani. Sikiliza vizuri.

Kuna lenzi ngumu na lenzi ya kukunjwa. Ile ya kukunjwa hupita kwenye tundu dogo zaidi, na jicho hupona haraka. Ile ngumu huhitaji tundu kubwa kidogo, lakini ikiwekwa na daktari hodari huonyesha vizuri.

Kuna lenzi ya umbali mmoja. Mara nyingi huwekwa ya kuona mbali, kisha mzee hutumia miwani myepesi ya kusomea au kuchagulia mchele.

Kuna pia lenzi ya umbali zaidi ya mmoja. Hupunguza haja ya miwani, lakini ni ghali, na wengine huona miduara kuzunguka taa usiku. Mara nyingi haimfai mtu ambaye jicho lake limeharibiwa na presha ya macho au kisukari.

Neno langu kubwa ni hili: msikae nyumbani miaka miwili mkitafuta pesa za lenzi ghali. Lenzi ya kawaida ya umbali mmoja, ikiwa nguvu yake imepimwa vyema kabla ya upasuaji, inatosha kumrudishia nyanya njia ya choo, uso wa mjukuu na kazi ya mikono yake. Mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi, upasuaji huwa mgumu zaidi, na jicho laweza kupata presha na maumivu makali.

Mkifika hospitali, uliza: Je, jicho limepimwa kwa ajili ya lenzi? Ataona mbali au karibu? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa za matone?

Na ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto mchanga, usingoje akue. Mpeleke hospitali mara moja, kwani mtoto hupoteza uwezo wa kuona haraka, na weupe huo waweza pia kuwa saratani.