Kichomi Mbele ya Malenga

Mwaka 1974 kampuni ya Heinemann ya Nairobi ilichapa diwani ndogo iitwayo Kichomi. Mtunzi wake, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa na miaka 30 na tayari alikuwa na kesi ya kujibu: riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilikuwa imepigwa marufuku shuleni kwa madai ya kuwa na mambo ya aibu. Safari hii kosa lilikuwa jingine. Alikuwa ameacha vina na mizani.

Alichokigusa ni desturi ya karne nyingi, na desturi hiyo ilikuwa na namna yake ya kuadhibu. Huko Pwani mshairi hakukosolewa faraghani. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu 1840, alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu siku ambazo miji hiyo miwili ilikuwa na uhasama. Aliyetupiwa shairi hakutakiwa kununa wala kujieleza kwa maneno matupu. Alitakiwa kutunga, na akitunga vibaya, kila mtu sokoni aliona. Ukosoaji na somo vilikuwa kitu kimoja.

Baadaye uwanja ukahamia gazetini. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi ukumbi, Shaaban Robert akiwa miongoni mwao, na malenga wa bara wakaanza kupimana na wa Pwani kwa njia ya posta. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, akachapisha kanuni zenyewe katika Sheria za Kutunga Mashairi. Kwake shairi ni wimbo. Lisiloimbika halina maana.

Kwa kipimo hicho, Kichomi kilianguka mtihani. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, walisema ni nathari iliyokatwakatwa mistari, na kwamba vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameiga Wazungu kwa sababu vina vimewashinda. Hoja ya mwisho ilikuwa dhaifu (washairi Mulokozi na Kahigi, waliotetea mabadiliko, walikuwa wakitunga kwa arudhi, yaani kwa kanuni hizo za vina na mizani, pia). Hoja ya kuimbika, hata hivyo, ilikuwa na uzito, na hapo ndipo kisa hiki kinaponoga.

Kezilahabi hakurudi kwenye vina. Mwaka 1976 alikamilisha tasnifu ya uzamili juu ya Shaaban Robert, si kazi ya mtu anayedharau wazee wake. Kisha akaenda kusoma Wisconsin, Marekani, na tasnifu yake ya udaktari ya 1985 ikashughulikia falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Diwani yake ya pili, Karibu Ndani, ilitoka 1988, miaka 14 baada ya ile ya kwanza. Vina bado havipo, lakini wahakiki wengi wamesikia humo mwangwi wa fasihi simulizi ulio wazi kuliko katika Kichomi. Kama aliwajibu malenga, aliwajibu kwa sikio, na nadhani hilo lilimgharimu zaidi kuliko ambavyo lingemgharimu kupanga vina.

Wenzake walijifunza kwa njia nyingine. Mulokozi alirudi kwenye historia, na watetezi wa shairi huru wakapata hoja iliyowakera wapinzani: tungo za kale zinazohusishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa Pwani, pamoja na nyimbo za ngoma, hazikufungwa na kanuni za 1954. Kumbe walioitwa waigaji wa Wazungu walikuwa na babu hapa hapa.

Nao wanamapokeo hawakubaki walivyokuwa. Kabla ya Kichomi wengi waliridhika kutaja vina na mizani, basi. Baada ya kubanwa iliwabidi waeleze. Tungo Zetu ya Ibrahim Noor Shariff, iliyotoka 1988, mwaka uleule wa Karibu Ndani, inazichambua tungo za Kiswahili kwa bahari zake, yaani aina zake, na kuonyesha kwamba mapokeo yenyewe yana aina nyingi kuliko shairi la mishororo minne lililozoeleka.

Kezilahabi alitoa diwani ya tatu, Dhifa, mwaka 2008, akiwa tayari anafundisha Botswana. Alifariki Januari 2020. Rosa Mistika, ile iliyofukuzwa madarasani, ilikuwa imesharudishwa zamani kwenye orodha ya vitabu vya kusomwa shuleni Tanzania.