Ngamia, Mfugaji na Mpaka: Vikosi vya Sahara ya Algeria, 1902–1909

Maandishi mengi kuhusu utawala wa Wafaransa katika Sahara humtaja ngamia kama chombo cha usafiri tu. Mtazamo huo unaliacha kando swali la msingi: ngamia huyo alikuwa mali ya nani? Misafara ya kijeshi iliyofuata kutekwa kwa In Salah iliangamiza maelfu ya ngamia waliochukuliwa kwa shuruti kutoka kwa wafugaji. Wanyama walibebeshwa mizigo kupita kiasi, wakanyimwa muda wa kulisha, wakafia njiani.

Sheria ya tarehe 30 Machi 1902, iliyounda kampuni za Sahara, ililigeuza jambo hilo. Chini ya kamanda Laperrine, askari, ambao wengi wao walikuwa Wachaamba, walijinunulia ngamia na chakula kutokana na mishahara yao. Aliyemchosha mnyama wake alipata hasara yeye mwenyewe. Hapa ndipo penye siri ya ufanisi wa doria hizo, kuliko katika ustahimilivu wa ngamia unaosifiwa mno. Ngamia wa misafara ya awali nao walikuwa wastahimilivu, na walikufa.

Hata hivyo, uhasama wa zamani kati ya Wachaamba na Watuareg wa Ahaggar haupaswi kupuuzwa. Kikosi cha Luteni Cottenest, chenye watu takribani 130, kilichowashinda Watuareg huko Tit tarehe 7 Mei 1902, kilikuwa cha wenyeji wa jangwani waliokusanywa kwa safari hiyo, wala si cha kampuni hizo mpya. Mwaka 1904 Moussa ag Amastan alikubali mamlaka ya Wafaransa.

Aprili mwaka huohuo, doria ya Laperrine ilikutana huko Timiaouine na wanajeshi wa Kifaransa waliotoka Timbuktu. Badala ya shangwe, ukazuka ubishi: ofisa wa kutoka kusini alipinga Laperrine asiendelee, naye akageuza njia. Kwa hiyo mpaka ulidaiwa kwanza baina ya watumishi wa dola moja, kabla ya kuafikiwa Niamey mwaka 1909. Malisho ya Tamesna, ambako Watuareg wa Ahaggar walipeleka ngamia wao, yalibaki kusini mwa mstari huo.