Vitamini C Haijawahi Kushinda Mbio

Kuna ushauri unaozunguka kila jimu na kila kambi ya mazoezi: meza vitamini C na E, misuli itapona haraka. Wasee, hii hadithi ina mwanzo wake, na ukiifuata vizuri utaona mahali tulipouziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwaka 1747, James Lind, daktari kwenye meli ya kivita ya Uingereza, alikuwa na mabaharia waliougua kiseyeye. Fizi zilioza, nguvu zikaisha. Alichukua wagonjwa 12, akawapanga wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopona haraka kuliko wote. Mwaka 1912 Casimir Funk akaleta jina vitamini, na mwaka 1937 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria akapewa Nobel kwa kazi iliyohusu pia vitamini C.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Aliyepungukiwa aliongezewa, akapona. Shida ilianza tulipoamini kwamba hata asiyepungukiwa akiongezewa atakuwa shujaa.

Mwaka 1970 Linus Pauling, mwanakemia Mmarekani mwenye Nobel mbili, alitoa kitabu akisema vitamini C nyingi inazuia mafua. Watu wakakimbilia maduka ya dawa. Ushahidi ulikuwa mwembamba, lakini nani angebishana na Nobel mbili? Mmarekani mwingine, Denham Harman, alikuwa ameshasema tangu 1956 kwamba tunazeeka kwa sababu ya radikali huru, yaani molekuli korofi zinazotokea mwili ukitumia oksijeni. Halafu 1982, watafiti wa California wakazikuta zimeongezeka kwenye misuli ya panya waliokimbizwa hadi wakachoka kabisa.

Hesabu ikaonekana rahisi: mazoezi yanaleta radikali huru, vitamini C na E ni antioksidanti zinazozizima, basi mwanariadha ameze vidonge. Biashara ikashika kasi.

Lakini je, kama mwili unazihitaji? Mwaka 2009, Michael Ristow na wenzake huko Ujerumani walifanyisha vijana mazoezi kwa wiki 4, wengine wakimeza vitamini C na E. Kwa wale wasiomeza, insulini ilianza kufanya kazi vizuri zaidi. Waliomeza wakakosa hiyo faida. Mwaka 2014 Norway ikafuata na watu 54 kwa wiki 11. Waliomeza, misuli yao ilionyesha dalili chache za kuongeza mitokondria, zile injini ndogo ndani ya seli. Tuseme ukweli wote: mbio zao ziliimarika sawa tu na za wenzao. Kwa hivyo vidonge havikuwaangusha, lakini pia havikuwapa chochote.

Mimi naiona hivi. Radikali huru ni kama makanga anayegonga bodi ya matatu. Kelele inaudhi, lakini ndiyo inamwambia dere asimame au aondoke. Ukimnyamazisha makanga, gari halijui liende wapi. Uchovu wa mazoezi ni ujumbe kwa mwili: jijenge.

Na hapa nyumbani? Mwaka 2004, Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti ambapo walipima chakula cha wakimbiaji 10 Wakenya wa kiwango cha juu kwa siku 7. Walikuta ugali, wali, viazi, mkate, maharagwe, kabichi na uji. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwa wanga. Sisemi ugali ndio siri ya medali. Nasema miguu hiyo haikujengwa na chupa ya vidonge.

Hii inaniuma kwa sababu kijana aliye kambini hana doo ya kuchezea. Tena vidonge vya kuongeza nguvu vinaweza kuwa vimechanganyika na dawa zilizopigwa marufuku, na sheria ya michezo iko wazi: kilichopatikana mwilini mwako ni mzigo wako, hata kama hukujua.

Daktari akikupima akute umepungukiwa, tuseme madini ya chuma, meza alichokuandikia. Hiyo ndiyo kazi ya Lind, na inaheshimika hadi leo. Kama huna upungufu, nunua sukuma, machungwa na viatu vizuri, kisha ulale mapema.