Vyama vya Lelemama na Taarikhi ya Mombasa

Taarikhi ya Mombasa, kwa jinsi ilivyozoewa kuandikwa, ni taarikhi ya ngome na mizinga: Wareno walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, Waomani walioitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa muda uliokaribia miaka mitatu, maliwali na makadhi, na reli iliyoanza kutandazwa kuelekea bara mwaka 1896, na msomaji wake aweza kuufikia ukurasa wa mwisho pasipo kukutana na mwanamke hata mmoja. Ilhali katika mitaa ile ile ya Mji wa Kale, tangu mwisho wa karne ya 19 hata miaka ya 1960, wanawake walikuwa na vyama vyao wenyewe, vyenye wakuu, hazina, sare na mahasimu, na mji ulijigawa kwa ajili yavyo kama ulivyojigawa kwa kabila na mitaa. Vilikuwa vyama vya lelemama, na viwili vilivyovuma mno ni Ibinaal Watan na Banu Saada.

Lelemama si ngoma ya purukushani. Wachezaji hujipanga safu moja, bega kwa bega, nao mchezo wote ukawa katika mikono inayopinduliwa polepole vifundoni, vidole vimenyooka, shingo na kichwa vikifuata zumari na vigoma kwa kiasi kidogo hata jicho lisilozoea hudhani hawachezi. Adhama yake ilikuwa katika kulingana: leso za namna moja, asumini nywelini, harufu ya udi iliyotangulia mlangoni kabla ya wenyewe kuingia. Nyimbo walizitunga wanachama, aghalabu kwa mafumbo, na mtu aliyekosa adabu au chama kilichoshindwa kulipa fadhila kiliimbwa pasipo kutajwa jina, na kulipokucha mji mzima ulikwisha kumfahamu aliyekusudiwa.

Walakini ngoma ilikuwa sehemu ionekanayo tu. Kilichokisimamisha chama ni mchango. Kila mwanachama alitoa kwa kadiri ya uwezo wake, fedha kwa mwenye fedha, mchele au samli kwa asiyekuwa nazo, na kazi ya mikono kwa asiyekuwa na chochote, maana pilau ya halaiki haijipiki, na kuna kupepeta, kuosha sufuria na kukesha motoni. Chama kilichoalikwa kikala ng'ombe wa wenzake kilibeba deni la kualika nacho, na heshima haikuridhika na kulipa sawa, bali ilidai kuzidisha. Basi mwaka huu wakichinja hawa wawili, mwakani wale hawakustahi kuchinja pungufu ya watatu. Katika mashindano hayo wenzi wao walikuwa wanaume wa ngoma za beni, nao pia wamegawanyika, wakivaa sare za kijeshi na kupeana vyeo vya kizungu. Na hazina iliyochinja ng'ombe ndiyo hiyo hiyo iliyomsaidia mwanachama kuoza mwana au kukaa matanga, jambo ambalo wasimulizi wa mashindano hulipita upesi, nami naliona kuwa ndilo lililo kubwa.

Ukubwa wake waonekana zaidi ukikumbuka zama zenyewe. Mwaka 1907 sheria iliiondoa hadhi ya utumwa katika mwambao wa Kenya, lakini sheria haikuweza kumwonyesha aliyekuwa mtumwa na aliyekuwa bibi yake namna ya kukaa pamoja jirani kwa jirani. Katika vyama vya lelemama binti wa waungwana na binti wa watumwa waliweza kuvaa leso moja na kudaiwa mchango mmoja. Sisemi kuwa nasaba ilisahauliwa, kwani haikusahauliwa. Nasema palipatikana mahali ambapo mtu alihesabiwa pia kwa alichokitoa.

Wako waliovilaumu, na lawama zao hazikuwa za chuki. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu, alikuwa na ghera kubwa juu ya elimu ya Waislamu wa mwambao, na aliichukia israfu katika desturi zao. Fedha iliyoliwa kwa siku moja ingaliweza kumsomesha mtoto, na hoja hiyo haina jibu jepesi. Hata hivyo, mwanamke aliyefungiwa milango ya baraza na ya ofisi alijifunza chamani kuongoza, kukusanya, kuhesabu na kupatanisha. Na mwishoni mwa miaka ya 1950, lelemama ilipokuwa ikififia na vyama vipya vya wanawake wa Kiislamu vikizaliwa kwa ajili ya elimu na maslaha yao, ujuzi wa kukusanya watu na michango haukuwa mgeni mjini.

Katika miaka ya 1970 watafiti Margaret Strobel na Sarah Mirza waliketi na wazee wa Mombasa wakayanasa maneno yao, na kwa juhudi hiyo twasoma leo maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, mwungwana, na Bi Mishi wa Abdala, mzao wa watumwa, na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu chao kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili, na ndani yake ngoma, arusi na karamu zasimuliwa na waliokuwapo. Lamu, Pemba na Tanga nako zilikuwako ngoma za wanawake, wakuu wao na watunzi wao, na vikongwe waliowaona wangaliko wachache wa kuulizwa.